"Nguvu za kiume" si ulizo moja: juu ya karatasi zenye tunapeleka kwa wanaume

Hapa Kindu, mutu akimaliza lisansi, kazi ya kwanza yenye anapata mara nyingi haina uhusiano na masomo yake. Ni ankete. Wa agronomia, wa sheria, wa uchumi, wa pedagojia, wote tunakutana katika formasyo ya siku mbili ao tatu, tunapewa tableti na kofia, kiisha tunatumwa Kasuku, Mikelenge, Alunguli ao mbali zaidi, kwenda kuuliza watu mambo ya ndani ya nyumba yao. Na sababu tunajua Kifaransa na Kiswahili, tunaombwa pia kutafsiri. Karatasi inafika magaribi, asubui inapashwa kuwa tayari. Kazi inalipa, siilaumu. Lakini kuna aina moja ya maulizo yenye tunatafsiri haraka kuliko zingine zote, macho chini, na kicheko kidogo kati yetu: maulizo juu ya mwili wa mwanaume na mambo yake ya chumbani. Ndio hiyo nataka tuzungumze.

Nitachukua karatasi mbili zenye zinajulikana duniani, nizisome namna mutu anasoma kitabu: nani aliandika, aliandikia nani, na nini inatokea maneno yake yakifika kwetu. Ya kwanza inaitwa kwa kifupi IIEF. Raymond Rosen na wenzake waliitoa mwaka 1997. Iko na maulizo 15. Mwaka 1999 ilifupishwa ikawa maulizo 5, na ile fupi ndio inapendwa na wanafunzi wa udaktari, kwa sababu inaingia kwenye ukurasa moja. Ya pili ni ya Debby Herbenick na wenzake, Marekani, 2013: maulizo 7 tu, juu ya namna mwanaume anaona viungo vyake mwenyewe. Je, anavipenda, ukubwa unamutosha, anakubali mwenzake avione, anakubali munganga avipime?

Ya kwanza ilizaliwa pembeni ya dawa. Ilitengenezwa pamoja na majaribio ya sildenafil, ile yenye dunia inaijua kwa jina Viagra na yenye serikali ya Marekani ilikubali mwaka 1998. Hiyo peke yake si kosa. Thermometa pia ilitengenezwa na mutu mwenye alikuwa na sababu zake. Lakini inatuambia karatasi inatafuta nini: inatafuta kile kidonge kinaweza kubadilisha. Mwanaume mwenye shida yake ni deni, ao bibi mwenye hamuongeleshe, ao kitu chenye alitendewa wakati wa vita, ataingia kwenye ile karatasi na atatoka na namba. Namba itasema kitu juu ya uume wake. Juu ya shida yake haitasema kitu.

Bon, tuanze na hilo neno uume. Kiswahili cha vitabu kinalitumia kwa kiungo. Lakini uume ni pia hali ya kuwa mume, heshima ya mwanaume katika nyumba. Muulize baba wa miaka 50 kule Mikelenge: "Unaridhika na uume wako?" Iko na haki ya kukujibu juu ya watoto wake sita, juu ya mabati yenye aliweka kwenye nyumba, juu ya mali yenye alitoa kwa wakwe mpaka ikaisha. Na atajibu "sana". Anketeri ataandika 4 juu ya 4, na huko Kinshasa ao Genève mutu atasoma kama wanaume wa Maniema wanapenda sana viungo vyao vya uzazi.

Wengine wanakimbilia "nguvu za kiume", kwa sababu kila mutu anasikia. Redio inasema vile, kuta zinasema vile, mama mwenye anauza mizizi, kola na tangawisi sokoni anasema vile. Shida ni kwamba kila mutu anasikia kitu chake. Kwa mumoja ni kusimama. Kwa mwingine ni kurudia mara ya pili. Kwa mwingine ni kuzaa: mwanaume mwenye hazai, hata kama mwili wake unafanya kazi muzuri, watasema hana nguvu. Kwa muzee ni kuamka asubui na kufika shamba bila mgongo kuuma. IIEF ya maulizo 15 ilijenga vyumba vitano tofauti kabisa: kusimama, kufika mwisho, tamaa, kutosheka na tendo lenyewe, kutosheka na maisha ya kitanda kwa jumla. Ukitafsiri na "nguvu za kiume" umebomoa kuta zote tano kwa neno moja, kiisha unaenda kupima kila chumba peke yake. Unapima nini?

Kuna wenye watasema: tafuta tafsiri ya Tanzania, wale ndio wenye lugha. Kiswahili chetu cha Maniema kilitoka kule kweli, kilikuja na misafara ya Tippu Tip na wangwana wake katika karne ya 19, na Kasongo ilikuwa mugi wao mukubwa. Lakini kimetembea peke yake zaidi ya miaka 140. Kamusi za pwani zinatoa "uhanithi" kwa mwanaume mwenye haweze kulala na mwanamuke. Kule pwani lenyewe, neno hanithi limekuwa tusi, na mara nyingi wanalitupa kwa mwanaume mwenye wanasema anatembea kama mwanamuke. Ukilileta Kindu, watu wengi hawatalisikia, na wachache wenye watalisikia, wasilimu wazee kwa mufano, watakuangalia kama mutoto mwenye hana malezi. Munganga hawezi kuanza konsiltasyo kwa kumutukana mugonjwa.

Na "tendo la ndoa"? Ni neno la adabu, Tanzania inalipenda, makanisa yanalipenda. Sasa muulize kijana wa miaka 23, hana bibi, iko na rafiki mwanamuke: "Katika mwezi huu ulifanya tendo la ndoa mara ngapi?" Atajibu "sijaoa". Si bongo hiyo. Ulimuuliza juu ya ndoa, yeye alijibu juu ya ndoa.

Kuna kitu kingine chenye hakionekane kama tafsiri, na kwa mimi ndicho kibaya zaidi. Katika ile karatasi fupi ya maulizo 5, ulizo la kwanza linaomba mwanaume aseme iko na uhakika gani kama anaweza kusimama na kubaki vile: toka 1, chini kabisa, mpaka 5, juu kabisa. Maulizo ine yenye yanafuata yanamuuliza namna mambo yalienda katika miezi 6, na kila moja iko na jibu la 0: hakujaribu, hakukuwa kitu. Kiisha unajumlisha. Toka 22 mpaka 25 ni muzima. Toka 5 mpaka 7 ni mugonjwa sana.

Sasa weka pale mutu wa kwetu. Bibi yake alizaa, na kwa desturi wanangoja mutoto akue mbele ya kurudi pamoja. Ao yeye ni muchimbaji, yuko Kailo ao Punia anatafuta kasiterite, ao Namoya kwa dhahabu, karibu nusu mwaka hajarudi nyumbani, na hakuchukua mwanamuke kule kwa sababu anamuheshimu bibi yake ao anaogopa ugonjwa. Ulizo la kwanza: 5, hana mashaka hata kidogo. Mengine ine: 0, 0, 0, 0. Jumla ni 5. Karatasi inasema: ugonjwa mukali. Kumbe ni mwanaume mwaminifu! Watu wa sayansi wanajua hii shida ya sifuri, iliandikwa katika majarida yao wenyewe, na inasumbua Ulaya pia. Lakini kule mutu mwenye hajagusa mwanamuke miezi 6 ni wachache katika hesabu. Katika jimbo lenye wanaume wanaishi kwenye machimbo na watoto wanapishana vizuri, si wachache. Karatasi moja, hesabu moja, na uongo unakuwa mukubwa kwetu kuliko kwao.

Tena iko hii ya "ndiyo". Karatasi ya Herbenick iko na sentensi yenye maana yake ni: sina haya juu ya viungo vyangu. Mwanaume anapashwa kusema kama anakubali ao anakataa. Kwenye karatasi, peke yako, na shule yako, inaweza kwenda. Lakini sisi hatupeane karatasi, tunauliza kwa mdomo, kwa sababu wengine hawajui kusoma na tableti ni ya proje. Donc anketeri anageuza sentensi kuwa ulizo: "Hauna haya?" Na mutu wa Kindu anajibu: "Ndiyo." Kwetu hiyo maana yake ni ndiyo, ni vile umesema, sina haya. Kwa Mufaransa angesema "hapana, sina". Anketeri mwenye alisoma kwa Kifaransa, saa sita ya jua, anasikia ndiyo, anaandika iko na haya. Mwingine pembeni yake anaandika hana haya. Wote wawili ni watu waaminifu. Ukichanganya hesabu zao umepata supu. Dawa iko rahisi: tosha kila sentensi yenye "si" na "hapana", uliza kwa upande wa ndiyo. Lakini wenye karatasi hawapendi uguse, wanasema ukibadilisha sentensi haitalingana tena na ya Marekani. Tayari hailingani.

Na ngazi ya majibu. "Mara kwa mara": kwa mwalimu wa Dar es Salaam ni kitu chenye kinarudia sana, kwa wengi kwetu ni kimoja kimoja, leo na kiisha siku ingine. Ukiweka ngazi ya "mara chache, mara kwa mara, mara mingi", hiyo ya katikati inapanda na kushuka kwa kila mutu. Sisi wa agronomia tunajua hii. Ukiuliza mulimaji shamba lake liko na hektare ngapi, atakupa namba kwa heshima, na ile namba haina maana. Ukimuuliza alipanda makopo ngapi ya mupunga, ao watu ngapi walilima siku ngapi, unapata kitu. Kwa maulizo ya mwili pia inapashwa kutafuta kopo: "Mara ya mwisho mulipolala pamoja, ilienda namna gani? Na ile ya mbele yake?" Hiyo mutu anakumbuka. "Chini ya nusu ya mara zote" hakuna mutu anaihesabu, hata profesa.

Kutosheka sasa. Karatasi zote mbili zinasimama juu ya kile neno. Kwetu, mbele ya mugeni mwenye ameshika tableti, kusema "sitosheki na mwili wangu" ni kumulaumu Mwenye aliuumba. Mukristu atasema Mungu hakosei. Musilimu atasema alhamdulillahi. Si kwamba wanaficha, ni adabu ya jibu, kama vile ukiulizwa habari unasema muzuri, hata kama uko na malaria. Kwa hiyo wote wanapanda juu ya ngazi, namba zote zinakuwa nzuri, na mutu wa Ulaya anaandika kama Waafrika wanapenda miili yao kuliko sisi. Inawezekana ni kweli! Lakini ile karatasi haiwezi kumuonyesha, kwa sababu haijatofautisha kutosheka na heshima.

Hapa napashwa kupinga pia wenzetu wenye wanasema hizi shida za umbo na ukubwa ni za wazungu, mwanaume wa Maniema hana hiyo mambo. Si kweli, na inaumiza watu. Zamani, katika bwali ya Warega ao jandoni ya wangwana, kijana alitoka akijua mwili wake umefika: ametahiriwa, ameona wenzake, wazee wamemupokea. Leo wengi wanatahiriwa hospitalini wakiwa wadogo sana, na masomo ya mwili wanayapata kwenye telefone, filamu za uchi kutoka inchi zenye hawajui, na wanaanza kujilinganisha. Vijana wananunua pomada za kurefusha na vidonge bila karatasi ya munganga, wengine iko na presio na hawajui kama sildenafil pamoja na dawa fulani za moyo inaweza kuua. Wasiwasi iko. Haisemi tu na maneno ya ile karatasi.

Hata umbo la mwili. Kuna kipimo cha zamani, cha Stunkard, 1983: michoro ya watu toka mwembamba mpaka munene, unaonyesha uko wapi na unataka kuwa wapi. Ukichagua kubwa kuliko ulivyo, kwao ni jambo la kujadili. Kwetu mwanaume mwenye tumbo kidogo ni mwanaume mwenye mambo yake inaenda, na mwenye amekonda anaulizwa kimya kimya kama anakunywa dawa. Kijana mwenye anachagua muchoro munene haoti misuli ya sinema. Anataka tu watu waache kusema iko mugonjwa. Na misuli yenyewe: docker wa bandari ya Lualaba iko na misuli ya kutisha, nayo inasema umasikini wake. Katika mji wetu kuna sasa sale za kuinua vyuma, na vijana wenye wanainua hawataki kufanana na docker. Tofauti hiyo haiko katika karatasi yoyote yenye nilisoma.

Watu wa proje watatuambia: tulifanya kazi vizuri, tulitafsiri kwenda na kurudi. Hiyo mbinu ilienezwa na Richard Brislin tangu 1970. Mutu wa kwanza anatoa Kifaransa ao Kingereza kwenda Kiswahili, wa pili mwenye hajaona ya kwanza anarudisha, unalinganisha. Inasaidia kukamata makosa makubwa. Lakini angalia wale wawili ni nani. Wote wana lisansi, wote walisoma kwa Kifaransa, wote wanajua kama uume hapa maana yake ni kiungo, sababu wanaona karatasi ni ya afya. Inarudi bila alama. Ni kama watu wawili wa nyumba moja wanapitishiana barua chini ya mulango. Baba wa Mikelenge hakuwa kati yao.

Kulingana kwa maneno na kulingana kwa kipimo ni vitu viwili. Sokoni, kopo mbili zinaweza kuwa na jina moja, rangi moja, na moja iko na tako lenye lilibonyezwa kwenda ndani. Mama mwenye kununua mupunga hatazami jina, anaweka mukono ndani. Watu wa takwimu wanafanya vile kwa hesabu: wanatazama kama maulizo ya karatasi yanatembea pamoja namna moja katika inchi hii na ile, mbele ya kulinganisha majumla. Mwaka 2023 Viren Swami na wenzake wengi walitoa kazi juu ya kipimo cha kupenda mwili, inchi 65, lugha 40, na hiyo ndiyo ulizo walianza nalo. Hiyo ni heshima. Lakini hesabu inaonyesha tu kopo iko na shida. Haisemi shida iko kwenye neno gani. Kwa hiyo unapashwa kwenda kukaa na mutu.

Katika fani yangu, aina ya muhogo yenye ilizaa vizuri Yangambi hatuigawe kwa walimaji wa Kibombo kwa sababu jina lake limetafsiriwa. Inapandwa kwanza kidogo kidogo, katika udongo ule, misimu kadhaa, pembeni ya aina ya wenyeji, na mulimaji anaonja. Kwa karatasi ya maulizo kuonja kunaitwa kumuuliza mutu juu ya ulizo lenyewe: "Nimekuuliza hivi. Ulisikia nini? Ulipima namna gani mbele ya kujibu? Ungemuuliza ndugu yako kwa maneno gani?" Shirika la Afya Duniani lilifanya kazi ya aina hii katika inchi 19 mbele ya kutoa karatasi yake mpya ya afya ya ngono mwaka 2023, yenye wanaiita SHAPE. Siyo kwamba haiwezekani.

Wengine walienda mbali zaidi, walianza bila karatasi. Miaka michache baada ya jenosidi ya Rwanda, Paul Bolton aliomba wenyeji waseme wenyewe shida zenye watu walikuwa nazo, na walitoa maneno yao, agahinda na guhahamuka. Kiisha ndipo alitazama kama vipimo vya kigeni vinagusa vile vitu. Uganda, Baganda walimupa yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia, na majaribio ya tiba yenye walitangaza mwaka 2003 yalisimama juu ya maneno hayo. Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walitengeneza mwaka 1997 karatasi ya Kishona toka kwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi pia tunasema "niko na mawazo", na kila mama wa Kindu anajua hiyo si sifa ya akili. Kwa mwanaume na mwili wake, nani ameenda kuuliza wazee wa Pangi ao vijana wa Alunguli watoe orodha yao?

Mutu anaweza kusema: yote hii ni mambo ya maneno, kuna vita, kuna njaa. Ni kwa sababu ya vita ndio naandika. Mwaka 2010 Kirsten Johnson na wenzake walitoa katika jarida JAMA ankete yao ya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, watu wakubwa 998. Wanawake 39,7 juu ya mia walisema walipata jeuri ya ngono. Wanaume: 23,6 juu ya mia. Karibu mwanaume mumoja juu ya wane. Mbele ya hapo, watu wengi hawakuwaza hata kuwauliza. EDS ya 2013-14, ile ankete kubwa ya taifa, ilizungumza na wanaume 8656, iliwauliza juu ya kondomu, juu ya wanawake ngapi, juu ya SIDA. Sehemu ya jeuri, kwa desturi ya ankete hizo, ni ya wanawake. Wako na haki nayo, hakuna mutu anataka waipoteze. Lakini mwanaume mwenye hakuulizwa hayumo katika hesabu, na mwenye hayumo katika hesabu hana bajeti, hana kitanda, hana munganga mwenye alifundishwa. Maniema ilipitiwa na vita vile vile, 1998 mpaka 2003. Wale wanaume leo iko na miaka 45, 60. Ni baba zetu.

Na wakiulizwa, wataulizwa namna gani? Kwa Kiswahili mwanaume anaoa, mwanamuke anaolewa. Sarufi yenyewe imeweka mwanaume kwenye kufanya. "Ulibakwa?" kwa mwanaume ni ulizo lenye linamugeuza mbele hajajibu, na wengi watasema hapana ili wabaki wanaume. Kampala, Refugee Law Project imefanya kazi miaka mingi na wakimbizi wanaume, wengi Wakongomani. Mwaka 2009 walitoa filamu juu yao, Gender Against Men. Kwenye kazi yao inaonekana kama mwanaume anafika na kitu kingine: mgongo unauma, hawezi kukaa vizuri, anashindwa na bibi. Sasa rudi kwenye ile karatasi ya maulizo 5. Huyu atapata 6. Karatasi itasema dawa ya kusimama. Farmasi iko pale. Anakunywa, inashindwa, ao inafanya kazi na yeye bado halali usiku, na sasa amejua kabisa kama shida ni yeye.

Ndio sababu sikubali tafsiri ya usiku moja. Siku mbili za kukaa na wanaume kumi, wa umri mbalimbali, mumoja mumoja, na anketeri mwanaume mwenye hatoki katika avenue yao, zinagharimu chini ya mafuta ya jipu moja kwenda Kasongo na kurudi. Haziko katika bajeti kwa sababu hakuna mwenye aliziomba. Sisi ndio tunaweza kuziomba, tunakaa katika formasyo, mikono kwenye meza, na msimamizi anauliza kama kuna maulizo, na tunasema hakuna, sababu tunaogopa watachukua mwingine. Watachukua mwingine, inawezekana. Lakini kama wote kumi na tano katika sale tunasema ulizo la 4 halisikike, hawatabadilisha kumi na tano jioni moja.

Hata kijana kumuuliza muzee iko na njia yake. Ukimuita "bwana" na kufungua tableti, umefunga mulango. Ukimuita baba, ukamuomba ruhusa, ukamuambia kuna mambo ya wakubwa nataka kukuuliza kwa sababu ya kazi, na uko huru kukataa, mara mingi anacheka, anafukuza watoto, na anavuta kiti karibu.

Mimi nilianza orodha ya maneno. Kwa kusimama kwa mwili, Kindu mjini "kusimama" tu inasikika, ukiongeza "mwili wako wa kiume" mbele yake. Vijana wako na maneno mengine mengi, yenye siwezi kuandika hapa, na wazee hawayajui. Kwa tamaa nina "hamu", lakini wengine wanasikia hamu ya chakula. Kwa ile shida ya kumaliza haraka sijapata neno lenye mutu wa miaka 20 na mutu wa miaka 60 wanasikia sawa. Wenye kutoka Pangi, Kabambare, Lubutu, Punia, Kibombo, andikeni hapa chini namna baba zenu wanasema, na kama ni neno lenye linaweza kutamkwa mbele ya munganga mwanamuke ao hapana.